Chumba cha Sudi Hakijafagiwa

Arobaini ya Bi Mwajuma ilisomwa Jumapili iliyopita. Pilau ililiwa, masufuria ya kuazima yakarudishwa, majamvi yakakunjwa, na wajukuu wakaanza kugombania rimoti ya runinga kama vile hakuna aliyekufa. Kikabaki chumba cha mwisho kwenye korido, mkono wa kushoto, chumba cha mwanawe Sudi, ambacho hakijaguswa na ufagio kwa miaka kumi na tisa. Nyumba yenyewe inakabidhiwa mwisho wa mwezi kwa watu watakaopandisha ghorofa, maana ndiyo nyumba ya bati pekee iliyosalia katika mstari wetu, imebanwa huku na huku hata jua linaiona saa sita ya mchana tu. Zuhura, mdogo wake Sudi, alisimama kwenye mlango wa kile chumba na ufagio wa chelewa mkononi, akanitazama mimi. Akasema, "Kaka Hamisi, wewe ndiye mtu wake. Kifagiwe au kisifagiwe?" Nikamwomba kwanza chai. Mimi nikibanwa huomba chai. Nilikaa nayo kwenye kigoda cha ukumbini mpaka ikafanya utando, na niliyoyakumbuka pale ndiyo haya.

Anayenijua atacheka kusikia naandika habari za safari. Nauza zipu na vifungo katika duka lenye upana wa mlango, hapa hapa Kariakoo, na kutoka kitandani kwangu hadi dukani ni hatua ambazo hata kuku mvivu hazimchoshi. Kivukoni huenda kununua samaki. Pantoni ya Kigamboni naitazama tu inavyovuka, nawaombea dua waliomo, narudi zangu. Watu wa mtaani huniita Kigoda kwa sababu nikiketi sinyanyuki, na wengi hawajui kwamba aliyenipa jina hilo ni Sudi. Lakini kabatini, chini ya mashuka, ipo pasipoti yenye mihuri ya India, Nepali na Thailand. Nilizunguka Asia miezi saba na begi mgongoni kama mzungu. Huwa sisimulii. Mara chache nimejaribu, mtu huniangalia tumbo, huangalia na kigoda nilichokalia, kisha huuliza bei ya zipu.

Sudi alikuwa mapokezi katika gesti moja karibu na Msimbazi, ya bei ndogo, ambako wazungu wenye mabegi ya mgongoni walilala wakisubiri boti ya Unguja au basi la kwenda Moshi. Wengi walikuwa wanatoka mbali, wameshapita Asia yote, na walikuwa na tabia moja: siku ya mwisho wanakaa kibarazani na chupa ya soda, wanaeleza ulimwengu umewafunza nini. Sudi aliyasikiliza maneno hayo miaka minne, akawa anatuletea barazani jioni, moto moto, kama mtu anayeleta vitumbua. Halafu siku moja alikwenda Mchikichini kutafuta viatu akarudi na shanta. Lilikuwa limetoka katika robota la mabegi ya mitumba, zito, la kijani, na mwenyewe wa zamani alikuwa ameshonea mgongoni vibendera vitatu: India, Nepali, Thailand. Sudi alilibwaga katikati yetu. "Begi limeshafika," akasema. "Sisi bado."

Basi njia yetu yote ilipangwa na lile shanta. Hatukutazama ramani. Tulifuata bendera kwa mpangilio zilivyoshonwa, kutoka juu kwenda chini, na mpaka leo sijui kama yule mzungu alizishona kwa mpangilio aliokwenda au kwa kupendeza macho. Pikipiki ya Sudi iliuzwa, vyerehani vyangu viwili vikauzwa. Lakini mimi sikwenda kwa sababu ya kutaka dunia. Nilikwenda kwa sababu Bi Mwajuma alikataa katakata mwanawe asiende peke yake, na alipoombwa sana akasema ataruhusu ikiwa Hamisi anaenda naye. Aliniita jikoni, akanimiminia chai, akaniambia bila kunitazama kwamba Sudi ni kishada na mimi ndio uzi. Wewe, alisema, huwezi kukaa mbali na chai yangu. Utarudi, na ukirudi utakuja naye. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniamini kwa lolote zaidi ya kulinda viatu msikitini.

Katika nyumba ile msafiri akiondoka chumba chake hakifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia kabla, umefagia nyayo zake. Atakuwa huko njiani anageuka nyuma haioni njia ya kurudia. Siku tuliyoondoka Bi Mwajuma aliuficha ufagio nyuma ya pipa la maji ili Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na mkono mwepesi, asije akajisahau. Tulimkuta mama mwenyewe amesimama koridoni, ameegemea ukuta, akatupulizia dua. Sudi alimtania kwamba tukichelewa atazikwa na vumbi. Akajibu kwamba vumbi la mtoto wake halimpalii.

Tulipofika Bombay tukapiga simu. Bi Mwajuma alikuwa na simu ya mkononi aliyoifunga kwenye pindo la khanga, na alipopokea alikuwa anapiga kelele ili sauti ifike India. Akauliza tumefika. Nikasema tumefika, mama, salama. Akauliza basi afagie. Sudi alininyang'anya simu akamwambia bado, hapa tunapita tu, kesho tunaendelea mbele. Na ikawa hivyo kila mahali. Tukipiga simu kutoka mji wowote swali lilikuwa moja, mmefika, na Sudi alijibu bado, tunapita. Mwezi wa tatu mama mtu aliuliza kama huko Asia hakuna mahali pa kufika. Mwezi wa tano aliniomba mimi, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kitu cha aibu, nimwambie ukweli atafagia lini, kwa sababu panya wameanza kuingia. Tulicheka sana na Sudi kwenye kibanda cha simu. Nasikia aibu kuandika kwamba tulicheka.

Safari yenyewe niliifanya kama ninavyofanya kila kitu, kwa kukaa. Bombay nilipata soko la vifungo nikakaa siku nne nashangaa bei za jumla, huku Sudi anazunguka mji. Ndani ya treni za India nilikalia shanta mlangoni mwa choo saa ishirini na sita na nikajiona nimestarehe, maana angalau nimekaa. Nepali tulipanda juu tuone mlima ule mrefu kuliko yote. Nilikuwa nimekula kitu, tumbo likakataa, na wakati Sudi na Waholanzi wawili wanautazama asubuhi ukiwa mwekundu, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye shimo lenye mbao mbili. Mlima mrefu kuliko yote duniani nilikuwa nimeupa mgongo. Chakula chao mchana na usiku ni wali na dengu, dengu na wali, na mtumishi anakuongezea hata hujasema. Nilimwambia Sudi kwamba nimetoka Kariakoo, nikapita nchi mbili, kuja kula wali dengu. Wale Waholanzi waliuliza amecheka nini, akawatafsiria, wakaandika kwenye vidaftari vyao. Wanaandika kila kitu.

Ila Sudi alikuwa anafunguka. Sina neno jingine. Pale gesti ya Msimbazi alikuwa kijana wa kuinama, wa "karibu bosi" na "nikusaidie bosi". Huku alikuwa ananyooka kila wiki kidogo. Alijifunza kusema asante kwa kila lugha tuliyokutana nayo, na watu wakubwa, wenye mvi, walikaa chini kumsikiliza anavyoeleza habari za Dar. Alikuwa anaieleza vizuri mno, Kariakoo yake ilikuwa tamu kuliko niliyoiacha mimi. Nami nilikuwa napungua. Nilihesabu Ijumaa. Niliota harufu ya mkaa unaowashwa. Kila tulipohamia chumba kipya niligeuza kitanda kielekee upande niliodhani ndio nyumbani, na Sudi alikuwa ananiambia, "Kigoda, huko ni China."

Bangkok ilikuwa bendera ya mwisho. Tulipanga ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao, chumba cha vitanda vitatu na feni moja iliyotikisa kichwa kama mzee anayekataa mahari. Chini palikuwa na meza ndefu ya kulia, na harufu ya samaki waliovunda kwa makusudi, ambayo baada ya siku kumi nilianza kuitamani na kujichukia kwa kuitamani. Mwenye nyumba alikuwa bibi mfupi ambaye nilimwogopa kwa jambo moja. Mgeni akibeba begi lake akashuka, yule bibi alikuwa anapanda na ufagio kabla mgeni hajamaliza ngazi. Tulimsikia juu, kwaru, kwaru, mtu bado anaaga pale chini. Mimi niliziba masikio. Sudi alipendezwa. Alisema umeona, hapa mtu akiondoka ameondoka, hakuna mtu anayekaa na vumbi lake.

Pale mezani palikuwa na kitabu kikubwa. Kila anayemaliza safari aliandika ukurasa wa kuaga: nimetembea miezi kadhaa, nimeona haya, nimejifunza yale. Vingine vitano vilikuwa vimeshajaa, lugha za kila aina. Siku ya Jumatatu, tiketi yetu ya kurudi ikiwa ya Alhamisi, Sudi alinisukumia kalamu akasema zamu yangu, msafiri. Nikaandika kwa Kiswahili kwamba nimejifunza kuwa binadamu wote ni wamoja, na kwamba mtu hata atembee vipi nyumbani ni nyumbani. Alisoma, akatabasamu, akasema nimeandika kadi ya Idi. Nikamsukumia kalamu na yeye. Hakuishika.

"Mimi siagi," alisema. "Sirudi, Kigoda."

Nilidhani ni utani. Nikamuuliza anabaki kufanya nini. Akasema hajui, na kwamba ndiyo maana anabaki. Alizungumza taratibu, bila ubishi, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema pale mapokezi ameandika kwa mkono wake majina ya watu wanaokwenda duniani, miaka minne, kurasa kwa kurasa, na akirudi atapewa kile kitabu aendelee. Barazani atasimulia mwaka mmoja, wa pili watamchoka, wa tatu atakuwa kama mimi. Aliniomba radhi kwa hilo la mwisho. Nikauliza, na mama?

"Mama anaye mtoto. Wewe. Siku zote alimtaka mtoto anayekaa."

Nilipaswa kujibu, nilikuwa nimetumwa kwa ajili ya jioni ile tu, miezi saba yote ilikuwa ya kunifikisha kwenye meza ile. Ningembembeleza, ningelia, ningemshika miguu, ningempigia mama yake simu pale pale nikamtia simu sikioni. Badala yake nilinuna. Nilipanda juu nikageuzia uso ukutani, na Jumanne yote hatukuzungumza, kama wake wenza.

Jumatano mchana nilitoka peke yangu nikapiga simu. Nataka niiandike sawasawa, maana sijawahi kumwambia mtu. Sudi alikuwa hatua mia kutoka pale, anafua. Bi Mwajuma alipokea, akapiga kelele zake za India, akauliza kama kawaida, mmefika? Nilikuwa nimechoka na neno lile. Niliona pia kwamba nikimwambia ukweli ataniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikasema, "Tumemaliza, mama. Tunarudi kesho, wote wawili. Fagia."

Akacheka, akamwita Zuhura alete ufagio nyuma ya pipa, na hakukata simu. Aliiweka mahali, nadhani kitandani, akasahau. Nikasikia chelewa zinakwaruza sakafu ya Kariakoo, upande mmoja wa chumba mpaka wa pili, na yeye anaimba kitu bila maneno. Nilisimama kwenye kibanda cha simu nikasikiliza mpaka salio likaisha.

Alhamisi Sudi alinisindikiza hadi kwenye teksi. Alibaki na shanta; mimi nilipewa begi la plastiki. Tulipeana mikono kama watu waliouziana kitu. Sikugeuka, lakini juu nilimsikia yule bibi ameshaanza.

Dar nilikuta wali wa nazi, kuku wa kienyeji, na sahani mbili. Bi Mwajuma aliangalia nyuma yangu kama mtu anayengoja wa pili amlipe dereva. Nilisema uongo niliouandaa ndani ya ndege, juu ya mawingu: kwamba Sudi alibadilisha mawazo uwanja wa ndege, dakika za mwisho, asubuhi ile ya Alhamisi, nami nikashindwa la kufanya. Niliona ni uongo mzuri, usio na mkosaji. Mama mtu alirudia, "Alhamisi," akatazama chini. Akauliza tena, ilikuwa Alhamisi? Nikasema ndiyo, mama, mpaka Jumatano alikuwa anakuja. Akakaa kwenye sakafu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye alifagia Jumatano, mtoto akiwa bado njiani.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Jumatatu, mama, alikataa Jumatatu, ufagio wako hauna kosa. Maneno manane au tisa. Nilikula wali. Nilijiambia ataisahau, kisha nikajiambia nitamweleza mama siku Sudi atakaporudi, kisha kwamba sasa imepita muda mno. Mtu anayejua kukaa anaweza kukaa juu ya neno miaka kumi na tisa.

Sudi aliandika mara mbili, kwenye barua pepe, nami nikazisoma katika duka la intaneti la mtaa wa pili. Ya kwanza ilisema amevuka mto mkubwa na kwamba upande wa pili watu wanakula wali wa kunata kwa mkono, kama sisi. Ya pili ilikuja baada ya miezi minne, mstari mmoja: mwambie mama nimefika. Nilikimbia, na mimi sikimbii. Bi Mwajuma alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza, akaweka ungo chini, uso wake ukawa wa msichana. Akauliza, "Amefika wapi?" Nikasema hakutaja. Nilimwandikia Sudi siku hiyo hiyo kumuuliza, na kesho yake, na mwaka mzima. Bi Mwajuma aliokota ungo. "Basi hajafika," akasema. Chumba hakikufagiwa.

Chai ilipokwisha kupoa nilimwambia Zuhura. Nilimwambia nikiwa nimekaa, nikiangalia kikombe: kaka yako alikataa Jumatatu, mama alifagia Jumatano, na nilimwambia afagie huku najua. Nilitegemea matusi. Zuhura sasa ana watoto watatu Mbagala na sauti ya kuwatawala. Lakini alikwenda akazima runinga ya watoto, akarudi.

"Wanangu wakienda shule mama alikuwa ananipigia simu," alisema. "Kila asubuhi. Usifagie Zuhura, hawajafika. Mpaka wiki aliyokufa."

Kisha akasema, "Ungemwambia, kaka." Akanipa ufagio, akaenda zake uani.

Nilifungua mlango. Vumbi lilikuwa nene kama blanketi, juu ya kitanda, juu ya redio, juu ya viatu vyake vya zamani alivyoviacha. Nilikuwa nimejiandaa kutokuona chochote sakafuni. Lakini kulikuwa na nyayo, ndogo, za peku, zimekwenda na kurudi mahali pamoja mara nyingi mno hata zikafanya njia, kutoka mlangoni hadi ukingo wa kitanda, na pale ukingoni shuka lilikuwa limebonyea mahali mtu alipokuwa anakaa. Bi Mwajuma alikuwa anaingia. Alikuwa anaingia, anaketi, anatoka, na anakanyaga pale pale alipokanyaga jana ili asiharibu kwingine.

Nilisimama na ufagio. Kutoka uani Zuhura aliuliza kama nimeanza, kwa sababu magari ya kubebea vitu yanakuja kesho. Nikasema nimeanza. Nikainama, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuanzia, nikaanza na zile za mlangoni.